Frédéric na Irène Joliot-Curie: Mtu na Mkewe Katika Elimu ya Atomu



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tumewachagulia watu wawili kwa pamoja: mtu na mkewe, Frédéric na Irène Joliot-Curie wa Ufaransa, waliotumia umri wao kuchunguza kiini cha atomu. Huenda baadhi yenu mkajiuliza watu hawa, waliofariki zamani na wala si wa dini yetu, wanatuhusu nini sisi wa Tunduma na mkoa wa Songwe. Wanatuhusu sana. Kwanza, elimu yenye manufaa huchukuliwa kwa yeyote aliye nayo. Pili, jiwe ambalo kazi yao ilikuja kulitegemea lilichimbwa Katanga, huko huko yanakotoka malori ya shaba na kobalti tunayoyaona yakisubiri kuvuka mpaka wetu. Tatu, maisha yao yanaonyesha wazi kwamba elimu ni amana. Ikishafika mkononi mwa mtu, itaponya au itaua, na aliyeipata hawezi kusema hayo hayamhusu.

KUZALIWA NA MALEZI YA IRÈNE

Irène alizaliwa mjini Paris tarehe 12 Septemba 1897. Wazazi wake ni Pierre na Marie Curie, ambao mwaka uliofuata, 1898, waligundua elementi mbili zinazotoa mionzi, yaani poloniamu na radiamu. Mwaka 1903 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Henri Becquerel. Njia yao ya kuitenga radiamu ingeweza kuwatajirisha kama wangeiwekea haki ya kuimiliki, lakini hawakufanya hivyo. Waliiacha iwe ya watu wote.

Msiba uliingia katika nyumba hiyo mapema. Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi barabarani, akafa papo hapo. Irène alikuwa na umri wa miaka 8. Mama yake alichukua nafasi ya kufundisha aliyoiacha mumewe, na babu mzaa baba, Daktari Eugène Curie, akawa ndiye mlezi mkubwa wa mtoto mpaka naye alipofariki mwaka 1910. Marie na wasomi wenzake walianzisha darasa la watoto wao, kila mzazi akifundisha somo analolijua vizuri zaidi. Darasa hilo lilidumu kama miaka miwili tu, lakini lilimjengea Irène tabia ya kuuliza na kujaribu kwa mikono yake mwenyewe.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Marie alitengeneza magari yaliyobeba mashine za eksirei ili majeruhi wapigwe picha karibu na uwanja wa mapigano. Irène alijifunza uuguzi, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa akizisimamia mashine hizo na kuwaonyesha madaktari wa jeshi mahali risasi ilipokaa mwilini. Siku hizo kinga dhidi ya mionzi ilikuwa hafifu mno. Tuliweke hilo akilini, kwani tutalirudia.

FRÉDÉRIC, NA NDOA YAO

Frédéric Joliot alizaliwa Paris tarehe 19 Machi 1900, kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Alisoma katika shule ya fizikia na kemia ya viwandani ya mji huo, shule ile ile ambayo zamani Pierre Curie alikuwa mwalimu wake. Mwalimu wake Frédéric, Paul Langevin, aliona kipaji cha kijana huyu akampeleka kwa Marie Curie, na kufikia mwaka 1925 alikuwa msaidizi katika Taasisi ya Radiamu. Kuhusu mionzi hakuwa akijua mengi. Aliyepewa kazi ya kumfundisha ni Irène, ambaye mwaka huo huo alikuwa ametunukiwa shahada ya udaktari kwa uchunguzi wake juu ya miale ya poloniamu.

Tabia zao zilitofautiana. Irène alikuwa mtulivu, mwenye maneno machache na asiyejali mavazi ya fahari. Frédéric alikuwa mchangamfu, mwenye maneno mengi na mwepesi wa kuunda vifaa. Walioana tarehe 9 Oktoba 1926. Hakukosekana wa kusema kwamba kijana amefuata jina kubwa la wakwe. Yeye hakujibu kwa maneno, alirudi kwenye masomo na kupata udaktari wake mwaka 1930. Walijaliwa watoto wawili, Hélène mwaka 1927 na Pierre mwaka 1932, ambao nao walikuja kuwa wanasayansi.

MARA MBILI WALIPITWA

Ndugu msomaji, hapa tunaomba usome kwa utulivu. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu, na katikati ya kila atomu pana kiini. Katika miaka ya 1930 wanasayansi wa nchi nyingi walikuwa wakishindana kujua ndani ya kiini hicho mna nini. Njia yao ilikuwa kukipiga kwa chembe zinazotoka katika elementi kama poloniamu, kisha kuangalia kinachoruka. Irène alikuwa hodari wa kuandaa poloniamu safi, na maabara yao ilikuwa na akiba kubwa ya kitu hicho.

Januari 1932 walitangaza jambo la ajabu. Mionzi iliyotoka kwenye beriliamu iliyopigwa iliweza kurusha protoni kutoka kwenye nta. Wao walidhani mionzi hiyo ni ya aina ya mwanga wenye nguvu nyingi. Huko Cambridge, Uingereza, James Chadwick alisoma maelezo yao, akarudia jaribio, na mwezi uliofuata akaeleza kwamba ile si aina ya mwanga bali ni chembe mpya isiyo na chaji, yaani neutroni. Ugunduzi ukawa wake, ilhali ushahidi ulikuwa umeshapita mikononi mwa mtu na mkewe hawa.

Mwaka huo huo wakapitwa tena. Katika picha zao za njia za chembe kulikuwa na mistari iliyopinda upande usiotarajiwa. Waliichukulia kuwa ni elektroni zinazorudi nyuma. Mmarekani Carl Anderson, alipoona alama za namna hiyo katika picha zake, alitambua kuwa ni chembe nyingine mpya, positroni.

Kana kwamba hayo hayatoshi, Oktoba 1933 walisimama mbele ya mkutano wa wanafizikia wakubwa mjini Brussels kueleza majaribio yao juu ya alumini, na mwanafizikia mashuhuri Lise Meitner akasema kwamba majaribio yake hayakuonyesha matokeo kama hayo. Wengi waliohudhuria walimwamini yeye. Walitoka ukumbini wakiwa wamevunjika moyo, ingawa Niels Bohr na Wolfgang Pauli waliwatia moyo waendelee. Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walirudi Paris wakaanza upya na alumini ile ile.

JANUARI 1934

Walichukua karatasi nyembamba ya alumini wakaiweka karibu na poloniamu ili ipigwe na miale yake. Pembeni waliweka kifaa cha Geiger, ambacho hulia kila kinapopitiwa na mionzi. Mpaka hapo hapakuwa na jipya. Jipya lilikuja pale poloniamu ilipoondolewa. Walitarajia kifaa kinyamaze, lakini kiliendelea kulia, kikapungua kidogo kidogo, kila dakika 3 hivi mlio ukashuka kwa nusu. Hofu yao ya kwanza ilikuwa kwamba kifaa ni kibovu. Walimwomba mtaalamu wa vifaa hivyo, Wolfgang Gentner, akikague, naye akakikuta kizima.

Maana yake ni hii. Alumini, kitu cha kawaida kisicho na mionzi kabisa, ilikuwa imegeuka na kuzaa fosforasi ya aina mpya isiyopatikana ardhini, nayo ikawa inatoa mionzi. Ukiwa na chembe 100 za fosforasi hiyo, baada ya dakika 3 hivi zitabaki kama 50, baada ya nyingine 3 zitabaki 25, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo kuithibitisha kwa kemia kulihitaji haraka isiyo ya kawaida. Iliwapasa kuiyeyusha alumini kwa asidi na kuikusanya fosforasi katika mrija kabla haijatoweka. Waliweza. Tarehe 15 Januari 1934 habari hiyo ilifikishwa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Walimpelekea mama yao, Marie, mrija mdogo wenye kitu hicho kipya. Aliushika kwa vidole vilivyokuwa vimeunguzwa na radiamu kwa miaka mingi, akausogeza kwenye kifaa, akasikia mlio. Miezi michache baadaye, tarehe 4 Julai 1934, Marie alifariki kwa ugonjwa wa damu. Hakuiona siku ya mwaka 1935 ambapo mwanawe na mkwewe walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

FAIDA KWA WATU

Kabla ya hapo mionzi ilipatikana kwa elementi chache za asili, na radiamu ilikuwa ghali kupita kiasi. Sasa ikajulikana kuwa mwanadamu anaweza kutengeneza mionzi kwa vitu vya kawaida, na kuchagua ile inayofaa. Ndiyo sababu leo kuna iodini yenye mionzi ya kutibu magonjwa ya tezi ya shingo, na kobalti-60 ya kutibu saratani. Hapa kwetu Tanzania, wagonjwa wengi wa saratani waliotibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, walitibiwa kwa mashine za kobalti-60. Basi mtoto anayeona mzigo wa kobalti ukipita Tunduma na ajue kwamba madini hayo, yakipitishwa kwenye kinu cha nyuklia, hugeuzwa kuwa dawa ya namna hiyo. Mlango wa elimu hiyo ulifunguliwa na mtu na mkewe hawa.

Irène alipewa heshima nyingine mwaka 1936. Aliteuliwa kuwa naibu waziri wa utafiti wa sayansi, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuingia katika serikali ya Ufaransa, wakati wanawake wa nchi hiyo walikuwa bado hawana haki ya kupiga kura. Alikaa miezi michache, akarudi maabara. Mara kadhaa aliomba kuingia katika Akademia ya Sayansi, na kila mara alikataliwa, kama mama yake alivyokataliwa mwaka 1911.

JIWE LA KATANGA

Mwaka 1938 Irène na msaidizi wake Pavle Savić walipiga urani kwa neutroni, wakapata kitu ambacho hawakuweza kukieleza kikamilifu. Wajerumani Otto Hahn na Fritz Strassmann walifuatilia, na mwanzoni mwa 1939 ikathibitika kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuka vipande viwili na kutoa nguvu nyingi. Muda mfupi baadaye Frédéric na wenzake Hans von Halban na Lew Kowarski walionyesha kwamba kila kiini kikipasuka hutoa neutroni nyingine, ambazo zinaweza kupasua viini vingine, moto ukajiendeleza wenyewe. Mwanasayansi Leo Szilard alikuwa amewaomba kutoka Marekani wasilitangaze jambo hilo, akihofia Ujerumani ya Hitler. Wao walilitangaza, kwa kuwa waliamini sayansi haifichwi.

Kazi hiyo ilihitaji urani kwa tani. Urani hiyo ilikuwa wapi? Ukivuka Nakonde ukaingia Zambia, ukapita Mpika na Kapiri Mposhi mpaka Kasumbalesa, ukaingia Kongo na kuipita Lubumbashi, utafika Likasi. Karibu na hapo ndipo ulipo mgodi wa Shinkolobwe, uliogunduliwa mwaka 1915 na kumilikiwa na kampuni ya Kibelgiji, Union Minière du Haut-Katanga. Urani yake ilikuwa tajiri kuliko ya popote palipojulikana wakati huo. Mwaka 1939 Frédéric alifanya mapatano na kampuni hiyo, ikampatia tani kadhaa za urani kwa ajili ya majaribio.

Lakini vita vilikuwa vimekaribia. Yeye na wenzake waliandikisha hati tatu za ugunduzi wao. Mbili zilihusu kuzalisha nishati, na ya tatu ilihusu mlipuko. Vita vilipoanza, waliacha kutangaza matokeo, na Oktoba 1939 wakaiweka taarifa yao ndani ya bahasha iliyofungwa katika Akademia. Ufaransa ilipoangukia mikononi mwa Wajerumani Juni 1940, Halban na Kowarski walivuka kwenda Uingereza na akiba ya maji mazito yaliyohitajika katika majaribio. Frédéric alibaki, akaingia katika harakati za siri za kupigania nchi yake. Irène, aliyekuwa akiugua kifua kikuu, alivuka na watoto kwenda Uswisi Juni 1944.

Wakati huo jiwe la Katanga lilikuwa limechukua njia nyingine. Zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe zilikuwa zimepelekwa New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Wachimbaji wa Kongo waliyachimba na kuyapanga kwa mikono bila ya kuambiwa ni ya kazi gani. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangushwa Hiroshima, nchini Japani, na sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilikuwa imetoka Shinkolobwe. Makumi ya maelfu ya watu waliangamia, watoto na wazee miongoni mwao.

UAMUZI WAO BAADA YA VITA

Frédéric na Irène hawakulitengeneza bomu hilo. Hata hivyo walijua kwamba bila ya elimu waliyoisaidia kupatikana, lisingekuwapo. Mwaka 1945 Ufaransa iliunda tume ya nishati ya atomu, Frédéric akawa mkuu wake wa sayansi na Irène mmoja wa makamishna. Desemba 1948 waliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia cha Ufaransa, kwa ajili ya utafiti na tiba.

Machi 1950 Frédéric alisimama mbele katika mwito uliotolewa Stockholm wa kutaka silaha za atomu zipigwe marufuku. Yeye pia alikuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti na alisema wazi kwamba hatatoa elimu yake kwa vita dhidi ya Urusi. Serikali ilimfukuza kazi Aprili 1950, na kipindi cha Irène kilipokwisha mwaka 1951 hakikuongezwa. Watu wanaweza kutofautiana juu ya siasa zake, lakini hakuna awezaye kukana kwamba alipoteza cheo kikubwa badala ya kunyamaza.

KUFARIKI KWAO

Yale tuliyosema tutayarudia ni haya. Miale ya eksirei ya ujanani, miaka mingi ya kushughulika na poloniamu, na ajali ya mwaka 1946 ambapo kichupa cha poloniamu kililipuka mezani pake, vilimwachia Irène madhara mwilini. Alifariki kwa saratani ya damu tarehe 17 Machi 1956, akiwa na miaka 58. Frédéric, naye akiwa mgonjwa wa ini, alichukua kiti cha mkewe cha kufundisha na kuendeleza ujenzi wa maabara aliyoianzisha huko Orsay. Alifariki tarehe 14 Agosti 1958. Wote wawili walizikwa kwa heshima ya taifa.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

La kwanza ni subira. Watu hawa walipitwa na mambo makubwa mawili, kisha wakapingwa mbele ya wakubwa wa fani yao, na miezi mitatu tu baadaye wakapata kile kilichowapa Nobel. Mwanafunzi aliyefeli hesabu muhula mmoja asiseme somo si lake.

La pili ni kusaidiana katika nyumba. Mke alimfundisha mume, mume akamuundia mke vifaa, na walipokwenda kupokea tuzo kila mmoja alipewa nafasi ya kuieleza kazi yao. Wazazi, msimnyime binti elimu ya sayansi kwa kudhani si yake.

La tatu linatugusa sisi wa mpakani. Wapo vijana wetu wanaoacha shule kwa kuvutwa na fedha ya siku moja ya kuvusha mizigo na kubadilisha kwacha. Wenzetu wa Katanga waliyabeba mawe bila ya kujua yana nini, na faida ikaenda kwa waliojua. Nchi yetu nayo ina urani, huko Mto Mkuju, Namtumbo, mkoani Ruvuma, na tangu Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 tunayo Tume ya Nguvu za Atomu ya kusimamia matumizi salama ya mionzi. Tume hiyo, pamoja na hospitali na migodi, inahitaji wataalamu. Kwa nini wasitoke Tunduma, Vwawa, Mbozi na Momba?

La nne na kubwa zaidi ni amana. Jiwe moja limetoka ardhini, na ndani yake mmetoka tiba na maangamizi. Jiwe halina dhambi, hesabu ni ya anayejua. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaruzuku watoto wetu elimu yenye manufaa, na awape moyo wa kuitumia katika kheri. Amin.